Mwaka Niliokula Meza ya Ndani

Mwezi uliopita tulimzika Bwana Luhende pale Bariadi, kwa heshima zote anazopewa mtu aliyekufa akaacha nyumba ya vigae. Wasifu wake ulisomwa na mpwa wake, kijana wa suti ya kijivu na viatu vyenye ncha, na alipofika kwenye miaka ya kinu cha pamba akashusha sauti kama anasoma Injili: marehemu, akiwa afisa utumishi, aliwafungulia milango vijana wengi wa Kisukuma, na hakumbagua mtu yeyote kwa rangi wala kabila. Chini ya turubai watu wakatikisa vichwa. Mama mmoja kando yangu akasema, "Kweli kabisa," ingawa najua alihamia Bariadi kinu kimeshafungwa na mashine zake zimeuzwa chuma chakavu. Nikaziba mdomo kwa kitambaa. Walionizunguka walidhani nalia, mmoja akanipapasa mgongo. Sikuwa nalia. Nilikuwa nazuia kicheko, na kicheko chenyewe hakikuwa cha furaha. Mimi ndiye niliyepiga chapa barua za Bwana Luhende mwaka ule. Kama kuna mlango alioufungua naujua, kwa sababu niliupita mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja na cheti cha uhazili, nakaa Somanda na dada wa baba yangu, ambaye sisi tunamwita sengi. Alipanga vyumba viwili vya bati nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja mstaafu. Chumba cha mbele kilikuwa na kitanda chake, meza yenye kitambaa alichofuma mwenyewe, na magunia mawili ya michembe, vile viazi vilivyokatwa vikakaushwa, ambavyo alivilinda kuliko fedha. Cha nyuma nililala mimi pamoja na majembe. Tulikula ugali wa mtama na mlenda siku nyingi, sato kutoka Lamadi siku moja moja, na sengi alikuwa na tabia ya kutoa hukumu juu ya dunia nzima kabla hajameza tonge. Alikuwa mkulima wa pamba. Alikuwa na ekari tatu na mgongo uliopindishwa nazo, na hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la nne, lakini leo nikikumbuka mazungumzo ya mwaka ule, mengi yaliyonitoka mimi na waliosoma wenzangu nayaonea aibu, yake siyaonei.

Ulikuwa mwaka soko la pamba lilipofunguliwa. Ushirika, uliokuwa umenunua pamba peke yake tangu mimi sijaanza shule, ulikuwa umelala chali. Wakulima walikuwa wamechoka kupewa stakabadhi badala ya malipo, na sikuwalaumu wala siwalaumu leo. Ninachokidharau ni kile kilichofuata vichwani mwetu. Kinu kikanunuliwa na kampuni kutoka nje, na kabla hata bango jipya halijapigwa rangi, mji mzima ulikuwa umekwisha kuamua kwamba sasa mambo yatanyooka kwa kuwa atakuja Mzungu. Hakuna aliyeuliza ni Mzungu gani, anajua nini, alikuwa akifanya nini huko alikotoka. Ilitosha kwamba ni Mzungu. Kwenye kituo cha kununulia pamba nilimsikia mzee wa Nyakabindi akikataa kupimiwa na karani wetu, kijana wa kanisa ambaye hajawahi kuiba hata chaki. "Huyu mweusi mwenzangu atanipunja," akasema. "Nasubiri mwenyewe apite." Akasubiri juani tangu asubuhi hadi saa tisa. Mwenyewe alipopita alimpungia mkono kutoka ndani ya gari, na mzee akarudi nyumbani ameridhika, pamba yake imepimwa na yule yule karani, kwa mzani ule ule, ambao kampuni ilikuwa imeuchezea tangu wiki ya kwanza.

Mwenyewe huyo alikuwa Bwana Trevor, mtu wa kusini mwa Afrika, mwenye shingo nyekundu na soksi ndefu. Sitasema alikuwa mkatili, maana hakuwa. Alikuwa mvivu wa kawaida, kama wavivu ninaowafahamu katika kila ukoo, ila uvivu wake uliitwa utulivu. Akichelewa kazini, ana simu na makao makuu. Tukichelewa sisi, ni asili yetu. Alipoanza kuja kanisani Jumapili, wazee wa kanisa walimtolea kiti chenye mto na kukiweka mbele ya benchi la kwanza, wakimwondoa bibi mmoja kiziwi aliyekuwa akikaa pale ili asome midomo ya mhubiri. Bibi akahamishiwa nyuma. Hakusikia tena neno la Mungu mwaka ule mzima, na hakuna mtu aliyeona kuna tatizo.

Na kulikuwa na Mzee Ramji, mwenye duka la vitambaa na misumari, Mhindi aliyezaliwa Bariadi, baba yake alizaliwa Bariadi, aliyejua Kisukuma cha ndani kuliko Bwana Luhende na kuhudhuria misiba yetu yote akiwa na kilo mbili za sukari. Huyu alikuwa mgeni. Bwana Trevor, mwenye miezi minane mjini, alikuwa mwenyeji wetu. Siku moja nilikwenda dukani kununua utepe wa mashine ya chapa nikamkuta mteja akimfokea kwa bei ya misumari, anamwambia arudi kwao. Mteja alipoondoka, Mzee Ramji akanifungia utepe wangu kwenye gazeti akasema polepole, kwa Kisukuma, kwamba yeye akiuza ghali ni Mhindi, yule wa kinuni akinunua kwa bei ya chini ni mtaalamu. "Basi na mimi ningezaliwa mtaalamu, mayu," akasema, akiniita mama kwa heshima. Nilicheka. Nilidhani ananichekesha.

Ofisi yangu ilikuwa chumba chembamba kati ya ofisi ya Bwana Luhende na chumba cha chakula cha uongozi. Ukuta wa upande ule ulikuwa wa mbao, na kila kitu nilichojua kuhusu kampuni nilikijua kupitia mbao hizo. Saa saba mchana tuligawanyika bila mtu kutuamuru. Wahasibu wawili wa Kihindi walikwenda kwenye jiko lao, ambako walijipikia dengu na hawakukaribisha mtu. Sisi wengine, makarani, mafundi, walinzi, akina mama wa kuchagua pamba safi na pamba fifi, tulikaa kwenye banda la bati, vumbi la pamba likielea juu ya maharage kama sukari ya unga. Na ndani, kwenye chumba chenye mapazia na jokofu lililonguruma, alikula Bwana Trevor na wageni wake. Meza ilikuwa na viti sita. Kimoja kilikuwa cha Bwana Luhende, siku za Jumamosi tu. Ijumaa alikula nasi, akilalamika juu ya Wazungu; Jumamosi alinyoa ndevu, akavaa tai, akaingia ndani, na kupitia mbao nilimsikia akicheka kabla kichekesho hakijaisha. Jumatatu alirudi bandani akatueleza jinsi ya kushika uma.

Mtu pekee kiwandani ambaye hakumjali Mzungu, Mhindi wala Luhende alikuwa Masunga, fundi wa rola zinazotenganisha pamba na mbegu. Alikuwa amefanya kazi na mashine zile tangu enzi za ushirika, bila vipuri, akitengeneza kwa ngozi ya ng'ombe na chuma cha reki. Alikuwa mtu wa Ipililo, mfupi, miaka thelathini na kitu, darasa la saba. Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye beringi inayozunguka na mpini wake kwenye sikio, anafumba macho, kisha anasema, "Hii ina siku nne." Siku ya nne inakufa. Hakuwa mpole. Aliwadharau waziwazi waliofunga boliti kwa nyundo, na nadhani alinidharau mimi pia kidogo kwa kucha zangu za rangi, lakini kila asubuhi alipita dirishani akasema, "Mwangaluka, Minza," na aliniletea karatasi za vipimo vyake nimpigie chapa vizuri, kwa sababu aliamini kitu kilichoandikwa vizuri kinaheshimiwa.

Katikati ya msimu kampuni ikatangaza nafasi moja ya masomo. Miezi sita India, kwenye kiwanda kinachotengeneza mashine kama zetu, na atakayerudi atakuwa fundi mkuu. Utakuwepo mtihani, wa karatasi na wa mashine, wazi kwa wafanyakazi wote. Watu watano wakajitokeza. Masunga alikopa kamusi ya mwalimu mstaafu, mwenye nyumba wetu, na kwa wiki tatu alikuja Somanda kila baada ya kazi, jua bado halijazama, akakaa kwenye kigoda mlangoni pa sengi nikimfundisha Kiingereza, kuanzia majina ya vyuma. Sengi alimpa michembe na karanga, akasikiliza. "Sasa," akauliza siku moja, "huko India watamfundisha nini huyu ambacho hakijui?" Masunga akajibu bila kucheka, "Watanipa karatasi, mayu. Hapa najua, lakini sina karatasi ya kujua." Siku ya mtihani alishinda kwa mbali. Nilipiga chapa matokeo mwenyewe: Masunga wa kwanza, anayemfuata hata hamkaribii. Bwana Luhende akayatia kwenye jalada, akasema atayapeleka kwa bosi.

Wiki ile ile alikuwa amefika mpwa wa Bwana Trevor. Aliitwa Grant, alikuwa na miaka ishirini na mbili, ameacha chuo, na mama yake alikuwa amemtuma kwa mjomba ajifunze maisha. Kijana mwenyewe hakuwa na neno. Alishinda kiwandani akimfuata Masunga, akimshikia spana, akiuliza maswali, na Masunga, asiyevumilia wajinga, alimvumilia kwa sababu huyu alikuwa mjinga anayeuliza. Jumamosi, kupitia mbao zangu, nikamsikia Bwana Trevor akisema, huku akitafuna, kwamba ingekuwa vizuri mtoto wa dada yake aione India siku moja. Ni hivyo tu. Hakuagiza. Hakuitaja nafasi ya masomo. Nikasikia kiti kikisogea, na sauti ya Bwana Luhende, laini kama siagi: "Lakini bosi, nafasi si ipo?" Bwana Trevor akauliza, "Na ule mtihani wenu? Hakuna aliyefaulu?" Na Bwana Luhende akajibu, "Kwa bahati mbaya, bosi, hakuna aliyefikia kiwango."

Nimeishi na sentensi ile maisha yangu yote. Watu wakizungumza nami kuhusu ubaguzi, vijana wa vyuo hasa, wanapenda kumtafuta Mzungu mwenye kiboko. Mimi namkumbuka Mzungu mwenye uma, aliyeuliza swali la haki kabisa, na Msukuma mwenye tai aliyemjibu. Hakutishwa wala hakuahidiwa kitu. Alimletea shingo ya mwenzake kwenye sahani kabla hajaombwa, kwa ajili ya kiti cha Jumamosi. Jumatatu asubuhi akanipa rasimu nipige chapa: baada ya tathmini, hakuna mfanyakazi aliyefikia kiwango kinachotakiwa, kwa hiyo uongozi umempendekeza Bwana Grant. Nikamtazama. Akasema, "Minza, mwanangu, kampuni ndiyo inayotulisha. Usiharibu karatasi, tumebakiwa na chache." Sikuharibu hata moja. Barua ile ilikuwa safi kuliko zote nilizowahi kuandika.

Masunga alipoisoma kwenye ubao wa matangazo alikwenda kwenye mashine yake. Siku mbili baadaye akapita dirishani, akasalimia kama kawaida, akauliza kama niliyaona matokeo yalipotoka. Nikamwambia niliandika nilichopewa. Hata lile lilikuwa kweli, ndiyo maana ni baya zaidi.

Kisha Bwana Luhende, ambaye hakujua pa kuishia, akaandaa chakula cha mchana cha kumuaga Grant. Meza ya ndani ikatolewa nje, ikawekwa mbele ya banda, na kitambaa cheupe juu yake. Sisi tulikaa kwenye mabenchi tukiitazama. Kulikuwa na pilau na mbuzi mzima, na kwa mara ya kwanza tulipewa soda. Bwana Luhende akatoa hotuba juu ya soko huria, ambalo alisema halina rangi. Akamwita Masunga, kwa niaba ya wafanyakazi, amkabidhi Grant zawadi ya kitenge. Masunga akasimama, akampa. Grant akakipokea, uso umemwiva, na badala ya kusema asante na kuketi, akaanza kuzungumza kwa Kiingereza, haraka, macho chini. Alisema hakufanya mtihani wowote. Alisema ameambiwa jana tu kwamba kulikuwa na mtihani. Alisema anayestahili kwenda ni Masunga, kwa kuwa yeye bila Masunga hajui hata kuiwasha mashine, na kwamba amemwambia mjomba wake hivyo, na mjomba amesema tiketi imeshakatwa. Bwana Trevor akacheka kidogo, akamgonga begani, kama unavyomgonga mtoto aliyesema sala vizuri.

Bwana Luhende akasimama kutafsiri. "Anasema," akatangaza, "mtihani ulikuwa mgumu. Anawashukuru wote, na hasa ndugu yetu Masunga kwa kumsaidia, na akirudi hatamsahau." Watu wakapiga makofi. Akina mama wa pamba wakapiga vigelegele. Masunga alikuwa bado amesimama. Akasubiri makofi yaishe, kisha akageuka, akanitafuta kwenye mabenchi mpaka akaniona.

"Minza," akasema, "wewe umesoma. Amesema nini?"

Nilimwona Grant akiinua kichwa. Hakujua Kiswahili, lakini alielewa nimeulizwa nini. Bwana Luhende hakunikunjia uso, alinitabasamia. Nilikuwa nimeshika chupa ya soda kwa mikono miwili. Nilikuwa na ugali wa sengi tumboni, na Kiingereza chote kichwani, neno kwa neno, na ningeweza kusema sentensi moja tu. Nikasema, "Amesema kama alivyosema Bwana Luhende."

"Wabeja," Masunga akasema. Ndiyo asante yetu. Akaenda akakaa, akamaliza pilau yake, na mwisho wa wiki hiyo akaacha kazi.

Mwezi uliofuata nilipandishwa nikawa katibu wa meneja, na nikapewa kiti ndani. Si Jumamosi tu, siku zote. Nilikula sato asiye na miba, viazi vilivyopondwa, jibini la kopo lenye ladha ya sabuni. Nilijifunza kucheka kabla kichekesho hakijaisha. Si kazi ngumu, unatazama midomo tu. Siku ya kwanza nilirudi Somanda nikamweleza sengi habari zote, tangu barua hadi kiti, nikitegemea, sijui, kwamba ataniambia sikuwa na la kufanya. Alikuwa akisonga ugali. Hakuacha kusonga. "Ng'wanawane," akaniita, mwanangu, "huko ndani kulikuwa kutamu?" Nikasema chakula kilikuwa cha kawaida. "Basi hata bei yenyewe hukupata," akasema, akapakua ugali wa mtu mmoja.

Grant alikwenda India akakaa wiki sita, akaugua tumbo, akarudi moja kwa moja kwa mama yake. Hatukumwona tena. Fundi mkuu hakupatikana. Msimu uliofuata rola mbili zilipasuka, mafundi waliosalia wakafunga boliti kwa nyundo, na msimu wa pili kampuni ikafunga kinu, Bwana Trevor akaondoka na jokofu lake. Bwana Luhende akabaki na nyumba ya uongozi, ambayo ndiyo ile ya vigae. Mzee wa Nyakabindi alisema ilikuwa lazima tufilisike, kwa kuwa Waafrika hatuwezi kuendesha kiwanda.

Masunga nilimwona mara moja tu, miaka saba baadaye, nilipohamishiwa ofisi ya wilaya Maswa. Nilipeleka mahindi kusaga kule Binza, na mwenye mashine akawa yeye, amepauka kwa unga hadi kope. Alikuwa na mashine tatu, zote amezifufua mwenyewe. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za sengi, nikamwambia alifariki. Akatoa pole. Foleni ilikuwa ndefu na mashine inapiga kelele, ilinibidi nimsogelee sana, na pale pale, bila kujipanga, nikamwambia yote: barua, mbao, tafsiri. Nilimwambia Grant alisema nini hasa. Nililia, na nilijiona mtu mwema kwa kulia.

Masunga akapima mahindi yangu, akayamimina.

"Nilimsikia mwenyewe," akasema. "Kwa wiki tatu ulinifundisha Kiingereza, Minza, umesahau? Sikukuuliza ili nijue."

Akanirudishia debe langu tupu, akamwita aliyekuwa nyuma yangu.